Muziki na Kodi ya Nyumba

Mwaka uliopita, jioni moja baada ya masomo, nilisimama kando ya uwanja wa chuo chetu cha ualimu nikiwatazama vijana wakicheza kandanda. Mlinda lango alivaa fulana nyeusi ya mitumba, iliyofuliwa hata ikawa na rangi ya majivu, na kifuani pameandikwa herufi nne kubwa: CBGB. Mchezo ulipokwisha nilimwita nikamwuliza maana yake. Akainama akaisoma, kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuziona herufi zile, akanijibu, "Sijui, Mwalimu. Niliinunua kwa kuwa ilikuwa rahisi."

Labda nawe, msomaji, umewahi kuvaa fulana ya namna hiyo, au umeiona imetundikwa sokoni katikati ya suruali na makoti. Herufi zile ni jina la ukumbi wa muziki uliokuwa katika mji wa New York, Marekani, tangu Desemba 1973 hata Oktoba 2006. Ukumbi wenyewe haupo tena. Haukuteketea kwa moto, wala serikali haikuufunga kwa utovu wa adabu, ingawa adabu haikuwa nyingi mle ndani. Ulifungwa kwa sababu ya kodi ya nyumba. Nataka nikusimulie mambo hayo yalivyokuwa, kwa maana mtu akiyasikia upesi upesi hudhani ni kisa cha mwenye nyumba mchoyo na mpangaji mwema, kisha akaenda zake. Kisa hiki ni kigumu kuliko hivyo.

Tuanze na barabara, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mtoto wa barabara ile. Bowery ni miongoni mwa barabara za kale kabisa za New York. Waholanzi, ambao ndio watu wa kwanza wa Ulaya kujenga mji pale, waliita shamba "bouwerij", na njia hii ilikuwa ikielekea kwenye mashamba yao. Gavana wao wa mwisho, Peter Stuyvesant, alikuwa na shamba lake huko. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1664. Mashamba yakaliwa na majengo, jina likabaki. Katika karne ya kumi na tisa Bowery ikawa mtaa wa starehe za watu wa kazi, na ukumbi mkubwa wa michezo ya kuigiza ulifunguliwa hapo mwaka 1826, ukaungua, ukajengwa, ukaungua tena, ukajengwa tena. Ndipo mwaka 1878 ilipokuja reli ya juu. Ebu fikiri, msomaji: reli imejengwa juu ya nguzo za chuma katikati ya barabara, garimoshi linapita usawa wa madirisha ya ghorofa, na chini yake kuna giza wakati wa mchana, masizi na mafuta yakiwadondokea wapita njia. Mwenye uwezo wa kuhama alihama. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda. Nyumba nyingi zikageuzwa malazi ya bei ya chini kabisa, ambamo mtu hupewa kijichumba cha mbao kisichoenea zaidi ya kitanda, na juu yake wavu wa waya badala ya dari. Reli ile iliondolewa katika mwaka 1955 na jua likarudi barabarani, lakini umaskini haukuondoka pamoja na chuma.

Huko ndiko alikofungua baa yake Hilly Kristal. Alizaliwa mwaka 1931 akakulia shambani katika jimbo la New Jersey, jirani ya New York. Alikuwa askari wa majini, akaimba katika kwaya ya ukumbi mashuhuri wa Radio City, kisha akawa msimamizi wa klabu ya muziki wa jazi iitwayo Village Vanguard. Kwa hiyo hakuwa mgeni wa muziki wala wa biashara ya vinywaji. Nyumba yake ilikuwa nambari 315, na juu yake palikuwa na malazi ya maskini yaliyokuwa na jina la fahari: Palace, maana yake kasri la mfalme. Wateja wake wa kwanza walishuka ngazi kutoka huko asubuhi na mapema wakitafuta pombe.

Desemba 1973 aliibadilisha baa yake jina. Herufi zile nne zilisimamia aina tatu za muziki wa Marekani alizozipenda: kantri, ambao ni muziki wa mashamba, bluugrasi, ambao ni ndugu yake wa milimani, wenye banjo na fidla, na bluzi ya watu Weusi. Chini yake aliongeza herufi nyingine tano, za mzaha, zilizosema kwamba mle mtapigwa pia muziki mwingine wa kuwainua walafi, yaani walafi wa muziki. Mambo yakawa kinyume. Watu wa kantri hawakuja. Walikuja vijana wenye magita ya umeme, nguo zilizochanika na nyimbo ambazo hakuna aliyezijua, nao walikuja kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine palipowapokea.

Bendi ya kwanza miongoni mwao, Television, ilipanda jukwaani tarehe 31 Machi 1974. Kristal hakuwapenda. Agosti ya mwaka ule ule ikaja bendi ya Ramones, vijana wanne wa makoti ya ngozi, ambao walianza wimbo, wakaukatiza, wakafokeana mbele ya watu, wakaanza mwingine. Kristal aliwaambia wazi kwamba hakuna mtu atakayewapenda kamwe, lakini yeye atawaalika tena. Nakuomba, msomaji, uyatulie maneno hayo, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo siri ya ukumbi ule. Mtu mwenye biashara anakiona kitu ambacho hakipendi na haamini kitapendwa, naye anakipa nafasi ya pili. Aliwezaje?

Nitakujibu kwa hesabu kabla ya kukujibu kwa wema wa moyo. Kodi ya nyumba katika Bowery ilikuwa ndogo, kwa kuwa hakuna mtu wa heshima aliyetaka kukaa huko. Mwaka 1975 mji mzima wa New York ulikaribia kufilisika. Maelfu ya polisi, wazima moto na watumishi wengine wa mji walifukuzwa kazi, walimu wakiwa miongoni mwao, na nyumba nyingi zilitelekezwa na wenyewe. Vijana maskini wenye sanaa walipata vyumba vikubwa kwa fedha kidogo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlango wa Kristal, na baadhi yao walikaa katika barabara ile ile. Hawakulazimika kufanya kazi usiku na mchana ili walipe kodi, basi walikuwa na saa za kufanya mazoezi. Naye Kristal, akiwa na kodi ndogo, aliweza kuvumilia usiku wa watu kumi na watano ukumbini. Fedha za kiingilio aliwaachia wapiga muziki. Yeye alichukua za baa. Sharti lake kubwa lilikuwa moja: bendi ipige nyimbo zake yenyewe. Anayetaka kuiga nyimbo za watu wengine, kama zilivyofanya bendi nyingi za baa, akatafute mahali pengine.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba kama behewa la garimoshi. Baa ilikuwa upande mmoja, jukwaa dogo mwisho, na kuta zilibandikwa matangazo juu ya matangazo hata hakuna aliyekumbuka rangi yake. Vyoo vilikuwa vya aibu. Waliovitumia huvisimulia kama askari wanavyosimulia vita. Mbwa wa Kristal alitembea humo ndani kama mwenye mali, wala hakufundishwa kutoka nje kwa haja zake. Hata hivyo vyombo vya kukuza sauti vilikuwa bora, maana Kristal hakuwa na ubahili katika jambo hilo.

Wewe utauliza: muziki wenyewe ulikuwa na thamani gani? Nitasema kweli. Masikio yangu hayakuzaliwa kwa ajili yake, na mara ya kwanza nilipousikia niliinuka kupunguza sauti ya redio. Lakini mwalimu wa historia hasemi juu ya ladha yake peke yake. Wakati ule muziki wa roki ulikuwa umekuwa kazi ya matajiri. Bendi kubwa zilipiga katika viwanja vya michezo mbele ya maelfu, wimbo mmoja ukachukua robo saa, na kijana wa kawaida aliona kuwa kati yake na jukwaa pana bahari. Ramones waliukata muziki ukawa mfupi kama amri ya jeshi. Santuri yao ya kwanza, iliyotoka Aprili 1976, ilikuwa na nyimbo 14 zilizokwisha kwa muda wa dakika 29 tu, na kuirekodi kuligharimu dola zipatazo 6,400, fedha ambazo bendi kubwa za siku zile zingezimaliza kabla ya kuanza kazi. Kijana aliyesikia alisema moyoni, "Hata mimi naweza." Julai ya mwaka ule walipiga London, na muda si muda Uingereza nayo ikajaa bendi za namna hiyo. Muziki huo ukaitwa panki.

Wala usidhani wote waliopiga mle walifanana. Patti Smith alikuwa mshairi kabla ya kuwa mwimbaji, na mapema mwaka 1975 yeye na bendi ya Television walipiga mle wiki baada ya wiki. Mwaka huo huo akatoa santuri yake ya kwanza. Talking Heads walikuja Juni 1975, vijana waliotoka chuo cha sanaa, wamevaa kama makarani, nao miaka mitano baadaye walitoa santuri iliyojifunza mengi kutoka kwa Fela Kuti wa Nigeria. Blondie waligeuka bendi iliyopendwa duniani kote. Watu hawa wote walijifunzia kazi yao katika chumba kimoja, wakikosea mbele ya watu wachache waliokuwa radhi kuwaona wakikosea. Ni vigumu sana kujifunza jukwaa mahali pengine pasipokuwa jukwaani.

Miaka ikapita. Waliokuwa wakubwa wakaenda kwenye kumbi kubwa. Katika miaka ya themanini ukumbi ukafunguliwa alasiri za Jumapili kwa vijana wadogo waliopenda panki ya kasi na ukali zaidi. Nje ya mlango mji ulikuwa ukipona. Fedha zilirudi New York, uhalifu ukapungua, na watu wenye mishahara mizuri wakataka kukaa katika mitaa ambayo baba zao waliikimbia. Sifa ya muziki ule nayo ilisaidia kuwavuta. Mtaa uliokuwa na sifa ya ulevi ukapata sifa ya sanaa, na sifa ya sanaa huuzika. Basi hapo ndipo jambo lilipopinda. Ukumbi uliozaliwa na kodi ndogo ulikuwa umesaidia kuipandisha kodi ya mtaa wake wenyewe.

Sasa nikuonyeshe mwenye nyumba. Lilikuwa shirika la hisani, Bowery Residents' Committee, lililoanzishwa mwaka 1971 ili kuwasaidia watu wasio na makao wa barabara ile ile. Juu ya ukumbi, katika vyumba vya lile "kasri" la zamani, shirika hili liliwalaza watu zaidi ya mia moja ambao vinginevyo wangelala kando ya njia. Nalo halikuwa na jengo lake. Lilikuwa limelikodi kwa mkataba wa miaka mingi, kisha likampangisha Kristal sehemu ya chini. Alikuwa mpangaji wa mpangaji. Kufikia mwaka 2005 alikuwa akilipa karibu dola 19,000 kwa mwezi, na shirika lilisema hata hizo ni kidogo zikilinganishwa na bei za mtaa. Tena lilidai kwamba nyongeza za kodi za miaka iliyopita hazikulipwa, likaenda mahakamani kudai makumi ya maelfu ya dola. Miaka michache kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kushtakiana kwa deni lililozidi dola 300,000, wakapatana alilipe.

Hebu yapime mambo haya bila haraka. Wakuu wa shirika walisema kwamba kazi yao ni kuwatunza wasio na makao, na kila dola wanayomsamehe mwenye klabu ni dola iliyotolewa katika kitanda cha maskini. Mimi siwezi kuyadharau maneno hayo. Tena Kristal hakuwa fukara: fulana zenye jina la klabu yake, kama ile ya mlinda lango wetu, ziliuzwa duniani kote zikamletea fedha nyingi, huku bendi zilizopiga ukumbini siku hizo hazikuwa tena zile za kutikisa ulimwengu. Lakini upande wake nao ulikuwa na haki. Alikaa Bowery miaka zaidi ya thelathini, wakati ambapo wengine walipita mbali wameziba pua, na kama mtaa ulikuwa na thamani mpya, sehemu ya thamani hiyo ilikuwa jasho lake na la wapiga muziki wake. Kodi haina safu ya kuandika jasho la namna hiyo. Huandika ukubwa wa chumba na mahali kilipo.

Agosti 2005 hakimu alimpa Kristal ushindi. Alisema nyongeza zile hazikudaiwa kwa njia ipasayo, basi hawezi kufukuzwa kwa ajili yake. Wapenzi wa ukumbi walishangilia, na hapa nataka ujifunze jambo la sheria ambalo watu wazima wengi hulisahau. Kesi ilihusu deni. Mkataba wa upangaji ulikuwa jambo jingine, nao ulikwisha tarehe 31 ya mwezi ule ule. Mkataba ukiisha, hakuna hakimu wa kumlazimisha mwenye nyumba kuandika mwingine. Siku ile ile watu walikusanyika katika bustani ya Washington Square, bendi zikapiga, hotuba zikatolewa. Steven Van Zandt, mpiga gita wa bendi ya Bruce Springsteen, alikuwa mbele katika kutafuta mapatano. Wengine waliomba ukumbi utangazwe kuwa mahali pa kumbukumbu ya historia. Shirika halikubadili nia. Mwishoni wakapatana kwamba Kristal akae hata mwisho wa Oktoba 2006, kisha atoke.

Usiku wa mwisho wa muziki ulikuwa Jumapili, tarehe 15 Oktoba 2006, na aliyeufunga ukumbi ni Patti Smith, ambaye sasa alikuwa mama wa karibu miaka sitini. Aliimba kwa muda wa saa tatu na zaidi, na mwisho akasoma majina ya marafiki na wapiga muziki waliokufa, mmoja baada ya mmoja. Lakini yeye hakulia sana juu ya jengo. Aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba vijana watapata mahali pao: kinachotakiwa ni chumba kibovu kisichotakiwa na mtu, na mtu mmoja wa kuwaamini. Nimeyafikiri maneno hayo mara nyingi, na sehemu yake ya pili naikubali kabisa. Ile ya kwanza hunitia wasiwasi. Vyumba vibovu visivyotakiwa na mtu vinazidi kuwa haba katika miji mikubwa ya dunia, na kijana anayejifunza gita hawezi kushindana na benki katika kukodi chumba.

Kristal alisema atauhamishia ukumbi Las Vegas, hata vyoo vile vya aibu akavichukua. Hakuwahi. Alikufa kwa saratani ya mapafu tarehe 28 Agosti 2007, akiwa na umri wa miaka 75, miezi kumi baada ya kuufunga mlango wake. Desemba ya mwaka ule jumba jipya la makumbusho ya sanaa lilifunguliwa jirani katika Bowery, na mwaka 2008 nambari 315 ikawa duka la nguo za kiume za bei kubwa. Mwenye duka aliacha sehemu ya ukuta wa zamani na matangazo yake, ili wanunuzi waitazame wanapojaribu makoti.

Kona ya karibu, Bowery inapokutana na barabara ya pili ya mashariki, ilikwisha kupewa jina la Joey Ramone mwaka 2003, miaka miwili baada ya mwimbaji huyo kufariki. Kibao cha jina lake kiliibiwa mara nyingi kuliko vibao vingine vya mji ule, maana kila shabiki alitaka kukitundika chumbani kwake. Hata mwaka 2010 wenye mji wakakipandisha juu ya mlingoti, yapata mita 6 kutoka ardhini, mkono usikofika.